Jemadari Montgomery na Klabu ya Kisiwani

Jina la Bernard Law Montgomery linajulikana katika vyuo vyote vya kijeshi duniani. Wengi humkumbuka kwa vita vya El Alamein. Wachache wanaojua kwamba jemadari huyo wa Kiingereza, aliyeongoza mamia ya maelfu ya askari, alikuwa pia rais wa klabu moja ya kandanda iliyo juu ya kisiwa kidogo. Leo tunapenda kuwasimulia wapiganaji na askari wa polisi maisha yake kwa kuyaweka sambamba na maisha ya klabu hiyo, kwani yote mawili yalijua kupanda na kushuka, na ndani yake mna mambo ya kuigwa na ya kuepukwa.

Kisiwa chenyewe huitwa Portsea, na kiko kusini mwa Uingereza. Kimetengwa na bara kwa mkono mwembamba wa bahari tu, na juu yake umejengwa sehemu kubwa ya mji wa Portsmouth, makao ya kale ya jeshi la wanamaji. Katika miaka ya 1890 timu iliyotamba mjini humo ilikuwa ya askari wa mizinga. Timu hiyo ilipopatikana na hatia ya kuvunja kanuni za wachezaji wa ridhaa ilisimamishwa, na mashabiki wake wakahamia kwa klabu changa ya Portsmouth, iliyoanzishwa mwezi Aprili 1898. Klabu hiyo iliingia katika Ligi ya Uingereza mwaka 1920 kwa kuanzia daraja la tatu, na kufikia mwaka 1927 ilikuwa imepanda hadi daraja la kwanza.

Montgomery naye alizaliwa London tarehe 17 Novemba 1887. Angali mtoto mchanga, baba yake aliteuliwa kuwa askofu wa Tasmania, kisiwa kilicho kusini ya Australia, na huko ndiko kijana alikokulia hadi mwaka 1901. Shuleni alikuwa nahodha wa mchezo wa raga na wa kriketi. Mwaka 1907 aliingia chuo cha kijeshi cha Sandhurst, ambako nusura afukuzwe: yeye na wenzake walimfanyia kadeti mmoja ukorofi, nguo za kijana huyo zikashika moto akaungua. Alisamehewa, lakini akacheleweshwa kumaliza mafunzo. Sisi tuliopita katika vyuo vya kadeti twajua aibu ya namna hiyo ilivyo nzito, na twajua pia kwamba aghalabu ndiyo humfanya mtu ajirekebishe.

Alipokuwa luteni kijana huko Bombay, India, alipewa kazi ya kusimamia michezo ya kikosi. Waandishi wa maisha yake husimulia kwamba manowari ya Kijerumani iitwayo Gneisenau ilitia nanga bandarini, na mabaharia wake wakaomba mchezo wa kandanda. Kwa kuwa Wajerumani hao hawakuwa wachezaji hodari, Montgomery aliagizwa awapangie timu ya pili, ili wageni wasiaibike. Yeye akaipanga timu ya kwanza, na mchezo ukaisha kwa mabao 40 kwa bila. Hapo tabia yake yote ilikwisha kuonekana: hakumdharau mpinzani uwanjani, hakubahatisha, na hakujali sana kuambiwa.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka alipelekwa Ufaransa. Tarehe 13 Oktoba 1914, karibu na kijiji cha Méteren, risasi ilimpenya pafu. Askari aliyemkimbilia kumfunga jeraha alipigwa risasi akafa, akamwangukia juu yake; na Montgomery akalala hapo chini ya maiti hadi giza lilipoingia. Husemwa kwamba hata kaburi lake lilikwisha kuchimbwa. Lakini alipona, akatunukiwa nishani, na alipokuwa ofisa wa makao makuu alijionea jinsi majemadari wa wakati ule walivyowapeleka vijana kufa bila matayarisho. Jambo hilo hakulisahau maishani.

Mwaka 1937 ndipo njia yake ilipokutana na kisiwa cha Portsea. Alipewa uongozi wa Brigedi ya 9 ya askari wa miguu na kambi ya Portsmouth. Mwaka huohuo msiba ulimshukia. Mkewe, Betty, aliumwa na mdudu akiwa mapumzikoni. Sumu ikaenea mwilini, na tarehe 19 Oktoba akafariki. Montgomery, aliyekuwa amebaki na mtoto wa kiume wa miaka tisa, alijizamisha katika kazi, wala hakuoa tena.

Katika kambi hiyo aliona kwamba familia za askari waliooa hazikuwa na fedha za kutosha za kuwasaidia. Mwaka 1938, bila idhini ya wakubwa, alikodisha viwanja vya mpira vya jeshi vilivyoko Southsea kwa mfanyabiashara wa maonyesho ya starehe, kwa pauni 1,500. Baraza la mji lilipotia pingamizi, alimwendea Meya, akamwahidi pauni 500 kwa ajili ya shughuli aliyoipenda, na pingamizi likaondoka. Pauni 1,000 zilizobaki alizitumia upesi kwa familia za askari. Wizara ya Vita ilipozidai fedha hizo, alijibu kwa kupeleka hati za matumizi. Mambo yalikuwa mabaya kwake, ila mkubwa wake, Jenerali Wavell, alimkingia kifua. Hatuwashauri maofisa wetu kuvunja kanuni za fedha. Lakini hapana askari wa Portsmouth aliyekuwa na shaka tena juu ya nani aliyemjali.

Alikuwa amekwisha kuhamishiwa Palestina wakati klabu ya kisiwani ilipofika fainali ya Kombe la Chama cha Mpira, tarehe 29 Aprili 1939. Portsmouth ilikuwa imeshindwa katika fainali za mwaka 1929 na 1934, na watu wengi waliipa Wolverhampton Wanderers ushindi. Portsmouth ikashinda kwa mabao 4 kwa 1. Miezi michache baadaye vita vikaanza, mashindano yakasimamishwa, na kombe likakaa Portsmouth miaka saba. Katika miaka hiyo mji ulipigwa mabomu mara nyingi. Usiku wa tarehe 10 Januari 1941 ukumbi wake mkuu uliteketea.

Montgomery naye alipanda ngazi. Mwaka 1940 aliirudisha divisheni yake salama kutoka Dunkirk. Mwezi Agosti 1942 alikabidhiwa Jeshi la Nane huko Misri, jeshi lililochoka kwa kurudishwa nyuma na Jenerali Rommel. Alitangaza kwamba hakutakuwa na kurudi nyuma tena, akawatembelea askari katika mahandaki, akaeleza mpango wake hadi kwa mtu wa mwisho, na akakataa kushambulia kabla ya silaha na mafunzo kukamilika. Vita vya El Alamein vilianza tarehe 23 Oktoba, vikaisha kwa ushindi tarehe 4 Novemba. Mwaka 1944 alirudi karibu na kisiwa kile: uvamizi wa Normandy uliendeshwa kutoka Southwick, maili chache kaskazini ya Portsmouth, na yeye ndiye aliyeongoza majeshi yote ya nchi kavu. Mwezi Septemba mwaka huo pupa ilimponza huko Arnhem, na maelfu ya askari wa miavuli wakapotea. Hata hivyo, tarehe 4 Mei 1945 alipokea silaha za majeshi ya Kijerumani ya kaskazini-magharibi.

Ni katika miaka hiyo ya 1940 alipokubali kuwa rais wa klabu ya Portsmouth, na neema ikaifuata. Klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa Ligi msimu wa 1948/49, na tena msimu wa 1949/50, ilipolingana na Wolverhampton kwa pointi 53 na kushinda kwa wastani wa mabao. Wengi wa wachezaji walikuwa watu waliovua sare za kijeshi juzi tu. Jimmy Dickinson, aliyeanza mwaka 1946, alicheza michezo 764 ya Ligi kwa klabu hiyo moja, na katika yote hakuonywa na mwamuzi hata mara moja.

Lakini hapa hatuna budi kueleza upande wa pili wa jemadari huyu. Mwishoni mwa mwaka 1947, akiwa mkuu wa majeshi ya nchi kavu ya Uingereza, alizuru nchi nyingi za Afrika, kisha akaiandikia serikali yake taarifa ya siri, iliyowekwa wazi kwa umma mwaka 1999. Humo alimweleza Mwafrika kuwa mshenzi asiyeweza kuiendeleza nchi yake mwenyewe. Waziri wa Makoloni, Arthur Creech Jones, aliupinga mpango wake. Aliyaandika hayo miaka mitatu tu baada ya askari wa Keya kupigana katika misitu ya Burma, na baada ya maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki kuhudumu katika majeshi ya Mashariki ya Kati. Mwaka 1962 alithubutu hata kuisifu siasa ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini. Mtu aliyemjua askari wake hadi shida za nyumbani kwake alishindwa kumjua Mwafrika aliyevaa sare ileile.

Na klabu yake ilikuwa ikimsuta. Mwaka 1948 ilimsajili Lindy Delapenha, mtu mweusi kutoka kisiwa cha Jamaica, aliyekuwa amelitumikia jeshi la Uingereza katika Mashariki ya Kati. Alikuwa miongoni mwa wachezaji wa misimu ile miwili ya ubingwa.

Mpanda ngazi hushuka. Kumbukumbu za Montgomery, zilizotoka mwaka 1958, zilimgombanisha na majemadari wenzake. Klabu ilishuka daraja mwaka 1959, na tena mwaka 1961. Yeye alifariki tarehe 24 Machi 1976 nyumbani kwake katika jimbo la Hampshire, na msimu huohuo Portsmouth ikaburura mkia na kurudi daraja la tatu, ikiwa na madeni. Miaka miwili baadaye ilikuwa daraja la nne.

Ilichukua miaka mingi kurudi juu. Tarehe 17 Mei 2008 Portsmouth ilicheza tena fainali ya Kombe, dhidi ya Cardiff City, ikashinda kwa bao 1 kwa bila. Mfungaji alikuwa Nwankwo Kanu, mwana wa Nigeria. Hivyo furaha kubwa kuliko zote ambazo kisiwa kile kimepata tangu siku za Montgomery ililetwa na mguu wa Mwafrika.

Mwaka 2010 madeni yaliizamisha klabu tena, na kufikia 2013 ilikuwa imeporomoka hadi daraja la nne. Safari hii mashabiki wenyewe, watu wa kawaida wa mji wa bandari, walichanga fedha wakainunua. Ikawa bingwa wa daraja hilo mwaka 2017, ndipo wakaikabidhi kwa mwekezaji. Na mwaka 2024 ikatwaa ubingwa wa daraja la tatu.

Kila kikosi chetu na kila kambi ya polisi ina timu yake, na kila timu ina viongozi wake. Kwa Montgomery na wajifunze kujiandaa kabla ya kushambulia, na kutunza familia za walio chini yao. Kwa kisiwa cha Portsea na wajifunze kutoiacha timu siku ya kushuka. Na yeyote aliyepewa madaraka juu ya watu akumbuke taarifa ile ya mwaka 1947, asimhukumu askari kwa kabila wala kwa rangi kabla hajamwona uwanjani.