Padri Angelo Secchi, Mpima Nuru ya Nyota

Usiku wa kiangazi, mwezi usipotoka, mtu akiinua macho huona nyota zisizohesabika. Tangu kale watu wamejiuliza: vitu vile ni nini? Tena, je, huko mbali wako viumbe wengine wenye uhai na akili? Padri Angelo Secchi alitumia maisha yake kulijibu swali la kwanza, na la pili hakuliogopa.

Alizaliwa mwezi wa sita mwaka 1818 katika mji wa Reggio Emilia, Italia ya kaskazini. Baba yake alikuwa seremala. Mama yake, mwanamke mwenye busara, alitaka mtoto wake ajue hata kushona na kufuma, kazi ambazo wavulana wengi huzidharau. Mafundisho hayo hayakupotea bure, kwa maana mwana yule alikuja kubuni vyombo vingi vya ustadi. Mwaka 1833, akiwa na miaka 15, aliingia Shirika la Yezu huko Roma. Wakubwa wake walipoona kipawa chake cha hesabu, walimweka kufundisha elimu ya vitu vya asili katika mji wa Loreto. Mwaka 1847 akapewa upadri.

Mwaka wake wa kwanza wa upadri haujatimia, taabu ikafika. Mwaka 1848 fujo kubwa ilizuka Roma, na Wayezuiti wakalazimika kuuacha mji. Padri Secchi akakimbilia Stonyhurst, Uingereza. Halafu akapanda merikebu pamoja na wenzake, akavuka bahari mpaka Marekani, akapokelewa katika chuo cha Georgetown. Mtu aliyefukuzwa kwao angaliweza kukaa akihesabu machozi yake. Lakini chuo kile kilikuwa na mnara wa kutazamia nyota, naye akautumia muda wa uhamisho kujifunza. Wakati huo Padri Francesco de Vico, aliyekuwa mkuu wa mnara wa nyota wa Roma, alifariki London, naye akiwa mkimbizi. Hivyo mwaka 1849, Roma ilipotulia, Padri Secchi akaitwa kurudi ashike mahali pake.

Roma lipo kanisa la Mtakatifu Inyasi. Waliolijenga walisimamisha nguzo nne kubwa sana za kubeba kuba ya mawe, lakini kuba yenyewe haikujengwa kamwe. Badala yake bruda mmoja, Andrea Pozzo, alichora kuba juu ya kitambaa, nayo picha hiyo hudanganya macho ya watu hata leo. Padri Secchi alizitazama nguzo zile zisizobeba kitu, akaona kwamba ndipo mahali pa kufaa, kwa maana darubini haitaki kutikisika hata kidogo. Akajenga mnara wake juu ya kanisa, akaweka darubini kubwa iliyotengenezwa Munich, kioo chake kikiwa na upana wa sentimeta 24. Chini watu walisali, na juu padri alipima mbingu.

Sasa wasomaji waelewe kazi aliyoifanya, maana hapo ndipo penye ajabu. Tupa chumvi kidogo motoni: moto utawaka rangi ya manjano. Ndivyo chumvi inavyojitambulisha, hata mtu asiyeona mkono ulioitupa atajua ni chumvi. Mwaka 1859 wataalamu wawili wa Ujerumani, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, walionyesha kwamba kila kitu kikiungua kina alama yake katika nuru. Ukiipitisha nuru katika kioo cha pembe tatu, hutandazwa kama upinde wa mvua, na katika rangi hizo huonekana mistari myembamba. Chuma kina mistari yake, chumvi ina yake, kila kitu na yake, wala haichanganyiki, kama vile alama za vidole vya watu.

Padri Secchi akakifunga kioo cha namna hiyo kwenye darubini yake. Tangu mwaka 1863, usiku baada ya usiku, akapitisha humo nuru ya nyota, moja moja, mpaka zikazidi 4,000. Akaona kwamba ingawa ni nyingi, zinaweza kupangwa katika makundi machache. Nyota nyeupe, kama Sirius inayong'aa kuliko nyota zote za usiku, zilikuwa kundi la kwanza. Za manjano, kama jua letu, zilikuwa la pili. Zilizoelekea wekundu zilikuwa la tatu. Kundi la nne lilikuwa la nyota nyekundu sana zenye kaboni, yaani kitu kile kile kinachofanya makaa ya jikoni. Mwishoni akaongeza la tano. Mhunzi atafahamu upesi: chuma kikianza kupata moto huwa chekundu, kikizidi huwa cha manjano, kikizidi sana huwa cheupe. Ndivyo zilivyo na nyota: nyekundu zina moto mdogo, nyeupe zina moto mkali. Wataalamu wa leo wanapanga nyota kwa njia iliyo bora zaidi, lakini njia hiyo ilikua kutoka katika ile yake.

Kwa muda mrefu sana wakubwa wa elimu walikuwa wamefundisha kwamba vitu vya mbinguni ni vya namna nyingine kabisa, visivyofanana na udongo wetu. Kumbe kile kioo kidogo kilionyesha kwamba chuma cha jembe kimo katika jua, na makaa yamo katika nyota. Nuru ya jua hutumia dakika 8 kufika kwetu, ya Sirius hutumia zaidi ya miaka 8, na nyota nyingine nuru yao husafiri maelfu ya miaka. Hata hivyo, mbali kote kule, vitu ni vile vile.

Alifanya mengine mengi. Mwaka 1860 alisafiri mpaka Hispania kutazama kupatwa kwa jua, akapiga picha zilizosaidia kuthibitisha kwamba ndimi nyekundu za moto zinazoonekana pembeni ni za jua lenyewe, si za mwezi. Mwaka 1865, ndani ya merikebu ya Papa, alishusha baharini sahani nyeupe iliyofungwa kamba, apate kujua inapotea machoni katika kina gani. Chombo hicho hakina gharama wala fumbo. Wanaopima weupe wa maji ya ziwa Tanganyika hukitumia mpaka leo, nacho huitwa kwa jina lake.

Basi mtu aliyeona kwamba nyota ni majua, na kwamba zimefanywa kwa vitu vilivyo hapa duniani, hakuweza kukwepa swali la pili. Padri Secchi aliandika wazi katika vitabu vyake kwamba haikumwingia akilini ya kuwa mahali pote pale pakubwa ni jangwa tupu. Aliona inafaa kuamini kwamba nyota nyingine nazo huangaza dunia zenye uhai, na kwamba huko wako viumbe wenye akili wanaoweza kumjua Muumba wao na kumpenda. Hata akafikiri kwamba labda wao wanamshukuru kwa uaminifu kuliko sisi.

Kusema hivyo mjini Roma halikuwa jambo jepesi. Ni kweli kwamba mwaka 1277 askofu wa Paris, Étienne Tempier, alikataza watu wasifundishe kwamba Mungu hawezi kuumba ulimwengu zaidi ya mmoja. Na mwaka 1440 Nicolaus wa Cusa, ambaye baadaye alikuwa kardinali, aliandika kwamba nyota nyingine huenda zina wakaaji wake. Lakini mwaka 1600, katika uwanja wa Campo de' Fiori, mwendo mfupi kutoka mahali pa mnara wa Padri Secchi, Giordano Bruno alichomwa moto. Alihukumiwa kwa mambo mengi aliyoyakana katika imani, na mafundisho yake juu ya dunia zisizo na idadi yalikuwa miongoni mwa yaliyoshtakiwa. Kumwua mtu hivyo kulikuwa vibaya, na mwaka 2000 wakubwa wa Kanisa walitamka masikitiko yao. Wengine waliuliza: kama wako wakaaji wasio wana wa Adamu, wokovu wao umo wapi? Swali hilo wateolojia hulipima hata leo. Kanisa halijamlazimisha mwamini yeyote kusema kwamba wako, wala kusema kwamba hawako.

Padri Secchi mwenyewe alijua kutenga alichokiona na alichokidhani. Mistari ya nuru aliiona kwa macho, akaihesabu na kuiandika. Wakaaji hakuwaona, wala hakudai kwamba amewaona. Tena macho yenyewe hukosea. Mwaka 1858 alichora picha za sayari ya Mirihi kwa rangi, na doa moja kubwa jeusi akalitaja kwa neno lenye maana ya mfereji, akidhani ni maji. Mwaka 1877 mtaalamu wa Milano, Giovanni Schiaparelli, akatumia neno hilo kwa mistari mingi aliyodhani ameiona. Na baadaye wengine Ulaya na Marekani wakasadiki kwamba wako watu kule waliochimba mifereji ya kunyweshea mashamba. Wakaandika vitabu vingi. Mwezi wa saba mwaka 1965 chombo cha Marekani, Mariner 4, kilipita karibu na Mirihi na kuleta picha 22: mashimo, vumbi, ukavu. Wakulima wa Mirihi wakaisha siku hiyo.

Miaka ya mwisho ya Padri Secchi ilikuwa na uchungu. Mwaka 1870 majeshi ya mfalme wa Italia yaliingia Roma, na utawala wa Papa katika mji ukakoma. Mwaka 1873 serikali mpya ikakitwaa chuo cha Wayezuiti, ndugu zake wakatawanywa. Lakini jina la padri huyu lilikuwa limefika kila nchi; mwaka 1867 huko Paris alipata tuzo kubwa kwa mashine yake iliyojiandikia yenyewe upepo, mvua na joto. Kumfukuza kungeliiaibisha serikali mbele ya mataifa, basi wakamwacha katika mnara wake. Wakati huo watu wengine walikuwa wakisema kwamba elimu na imani haziwezi kulala nyumba moja, wengine upande wa serikali, wengine hata upande wa Kanisa. Hawakumwelewa. Yeye alisoma Misa asubuhi, akapanda ngazi usiku, akabaki mwaminifu kwa Papa pasipo kuuficha uaminifu huo.

Ugonjwa wa tumbo ulimdhoofisha, naye akafariki tarehe 26 Februari 1878, wiki chache tu baada ya Papa Pio IX. Alikuwa na miaka 59. Baada ya kifo chake serikali ikautwaa mnara pia. Mwaka 1891 Papa Leo XIII akaanzisha upya mnara wa nyota huko Vatikano, na Wayezuiti wanaendelea na kazi hiyo.

Mwaka 1995 wataalamu wawili wa Uswisi, Michel Mayor na Didier Queloz, waliitandaza nuru ya nyota moja inayofanana na jua, wakaona mistari yake ikisogea kidogo, huku na huku, kila siku nne. Kitu kisichoonekana kilikuwa kikiizunguka na kuivuta: ilikuwa sayari. Tangu hapo zimehesabiwa sayari zaidi ya 5,000 kandokando ya nyota nyingine, na hewa ya baadhi yake hupimwa kwa mistari ya nuru. Uhai haujaonekana katika mojawapo.

Katika Mirihi, upande wa kusini, kuna shimo pana ambalo wataalamu wamelipa jina la Secchi. Ni kavu.