HANNES SCHNEIDER: MWALIMU WA THELUJI ALIYEFUKUZWA KWAO



Safari hii tunawaletea maisha ya mtu wa michezo. Mchezo wenyewe wengi wetu hatujauona kwa macho, kwa sababu unahitaji theluji, na upande wetu huu theluji iko juu kabisa ya milima kama Ruwenzori na Kilimanjaro. Mchezaji hufunga miguuni mbao mbili ndefu na nyembamba ziitwazo skii, hushika fimbo mbili mikononi, kisha huteremka mlimani akiteleza. Katika mashindano ya siku hizi wakimbiaji hodari hupita kasi ya kilomita 100 kwa saa. Mtu tunayemzungumzia ndiye aliyeufundisha ulimwengu kuteremka hivyo bila kuvunjika, na habari zake zinatuhusu kuliko tunavyoweza kudhani.

KUZALIWA NA UJANA WAKE

Hannes Schneider alizaliwa tarehe 24 Juni 1890 katika kijiji kidogo cha Stuben, kwenye milima ya Arlberg, magharibi mwa nchi ya Austria. Baba yake alifanya kazi ya kutunza barabara ya mlimani. Kijiji chao kilifunikwa na theluji miezi mingi ya mwaka, na watu walikuwa maskini. Wazazi walitaka kijana ajifunze kazi ya kutengeneza jibini, ambayo ingempa mkate wa kila siku. Lakini alikuwa amekwisha kumwona Viktor Sohm, mtu wa mji wa Bregenz, akiteleza kwa skii, na tangu hapo moyo wake haukutulia. Alijifunza kwake.

Mwaka 1907, akiwa na miaka 17, aliajiriwa na mwenye hoteli iitwayo Post katika kijiji jirani cha St. Anton, awafundishe wageni kuteleza. Wakati ule waliojua walisimama wima, wakigeuka kwa namna iliyotoka Norwe. Namna hiyo ilifaa kwenye vilima vya taratibu, lakini kwenye miteremko mikali ya Arlberg watu walianguka mno. Schneider alianza kukunja magoti, kuinama mbele, na kuhamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja kwenda mwingine wakati wa kugeuka. Kwa njia hiyo aliteremka haraka kuliko wengine na hakupotewa na uthabiti. Alishinda mashindano kadhaa kabla ya vita, na jina lake likaanza kutajwa.

VITA VYA KWANZA NA SHULE YAKE

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, Austria ilihitaji askari wanaoweza kwenda milimani wakati wa theluji. Schneider aliwekwa kuwafundisha. Hapo alikutana na shida ambayo kila mwalimu wa darasa kubwa anaifahamu: watu wengi, muda mfupi, na uwezo usiolingana. Akapanga mafundisho kwa hatua. Kwanza mwanafunzi hufungua skii kwa nyuma kama umbo la jembe ili aweze kujizuia. Akishaiweza hiyo, hufundishwa kugeuka taratibu. Baadaye hugeuka kwa kasi, na mwisho kabisa skii zote mbili huenda sambamba. Hakuna aliyeruka hatua.

Baada ya vita alirudi St. Anton, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 akafungua shule yake. Wanafunzi waligawanywa katika madarasa kulingana na uwezo wao, na walimu wote walifundisha namna moja. Mtindo huo ukaitwa kwa jina la milima yao, mtindo wa Arlberg. Kisha mtengeneza filamu wa Ujerumani, Arnold Fanck, akamchukua katika filamu zake. Filamu ya kwanza ilitoka mwaka 1920, na ile ya mwaka 1931 ikapendwa sana. Watu waliokuwa hawajasikia jina la St. Anton wakaanza kupanga safari za kwenda huko. Kijiji kikapata kazi na mapato. Mwaka 1930 Schneider alialikwa mpaka Japani, na mwaka 1936 alikwenda Marekani kuonyesha mchezo huo katika kumbi kubwa za Boston na New York.

MASHINDANO

Mwaka 1928 alishirikiana na Mwingereza Arnold Lunn kuanzisha mashindano ya Arlberg-Kandahar huko St. Anton. Jina la Kandahar lilitoka kwenye chama cha wanaskii cha Waingereza. Wachezaji walishindana kwa namna mbili: kushuka moja kwa moja kwa kasi, na slalomu, yaani kupita kwa kujipindapinda katikati ya vijiti vilivyosimikwa kwenye theluji. Aliyefanya vizuri katika yote mawili ndiye aliyekuwa bingwa. Miaka mitatu baadaye, yaani 1931, yalifanyika mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia ya mbio hizo huko Mürren, Uswisi. Mwaka 1936 zikaingizwa katika Michezo ya Olimpiki huko Garmisch, Ujerumani. Hata hivyo walimu wa skii hawakuruhusiwa kushindana Olimpiki, kwa kuwa walilipwa kwa kazi yao.

USIKU WA TAREHE 12 MACHI 1938

Katika miaka hiyo Hitler alikuwa ameshika utawala Ujerumani, na wafuasi wake walizidi kuongezeka Austria pia, hata katika vijiji vya milimani. Schneider hakukubaliana nao. Alimfukuza shuleni mwalimu aliyekuwa mfuasi wao. Tena alikuwa rafiki wa Rudolf Gomperz, mhandisi wa asili ya Kiyahudi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amefanya kazi kubwa ya kuufanya mji huo ujulikane kwa wageni. Watu wengine walianza kumkwepa Gomperz njiani. Schneider hakumwacha.

Tarehe 12 Machi 1938 majeshi ya Ujerumani yaliingia Austria. Usiku uleule Schneider alikamatwa na kupelekwa jela ya Landeck. Mashindano ya Arlberg-Kandahar yalikuwa yafanyike St. Anton siku zilezile. Lunn aliyafuta, kwa kuona kwamba haifai watu washindane kwa furaha wakati mwenyeji wao yuko kifungoni. Shule ikaondoka mikononi mwa aliyeijenga.

Baada ya majuma kadhaa jela, mwanasheria Mjerumani Karl Rösen, ambaye alikuwa rafiki yake, alifaulu kumtoa akakae chini ya uangalizi wake huko Garmisch. Lakini hakuruhusiwa kurudi St. Anton. Fikirini, ndugu zangu: mtu aliyewaletea watu wake wote mkate, sasa amekatazwa kukanyaga mtaa wake mwenyewe.

ALIYEMSEMEA

Wakati huo huko Marekani alikuwako mwenye benki, Harvey Gibson, mzaliwa wa North Conway, mji mdogo wa jimbo la New Hampshire. Gibson alitaka kuuinua mji wake kwa mchezo wa skii kwenye mlima Cranmore, na mmoja wa wanafunzi wa Schneider, Benno Rybizka, alikuwa tayari akifundisha huko. Benki ya Gibson ilihusika na madeni ambayo Ujerumani ilidaiwa na Wamarekani, hivyo alikuwa na njia ya kuzungumza na wakubwa wa fedha wa Ujerumani. Akaitumia njia hiyo kumwombea Schneider. Mazungumzo yalichukua miezi, lakini mwishowe ruhusa ikatoka.

Tarehe 11 Februari 1939 gari moshi liliingia North Conway likiwa na Schneider, mkewe Ludwina, na watoto wao Herbert na Herta. Watu wa mji walikuwa wamekusanyika kituoni. Watoto walisimama mistari miwili wakiinua fimbo za skii juu zikakutana kama tao la mlango, na familia ile ikapita chini yake.

Gomperz hakupata wa kumsemea namna hiyo. Mwaka 1942 alipelekwa karibu na Minsk, katika nchi iitwayo leo Belarusi, akauawa. Tunalitaja hili kwa sababu haifai kusimulia wokovu wa mmoja tukamnyamazia mwenzake. Wote wawili waliujenga mji uleule.

MIAKA YA MWISHO

Huko Cranmore Schneider alianza upya akiwa na miaka 48, katika lugha ya wengine, kwa kazi ileile: hatua ya kwanza, hatua ya pili, hatua ya tatu. Shule ya St. Anton walimnyang'anya, lakini alichokijua hakuna askari aliyeweza kukichukua. Vita vya Pili vilipopamba moto, mwanawe Herbert aliingia kikosi cha milimani cha jeshi la Marekani akapigana Italia. Vita vilipokwisha, baba aliendelea kukaa North Conway na kufundisha. Alifariki huko tarehe 26 Aprili 1955, akiwa na miaka 64, na Herbert akaichukua shule.

Leo sanamu yake iko St. Anton, na nyingine kama hiyo iko Cranmore. Mji uliomwona akichukuliwa usiku na mji uliomwinulia watoto wake fimbo, yote miwili inamwita mtu wake.

Wapendwa, kati yetu wamo mafundi wa kushona, walimu, waashi na wakunga ambao vyeti vyao vilibaki nyuma au viliungua. Msiuache ujuzi huo ulale. Tafuteni hata kijana mmoja mkae naye, mmwonyeshe hatua ya kwanza. Na yeyote mwenye nafasi ya kumsemea mwenzake mbele ya wakubwa, asinyamaze, kwani yuko anayesubiri neno hilo.