Mrututu na Kijana wa Miaka 26

Ulipokuwa sekondari huenda ulionyeshwa mrututu ukichomwa. Ile buluu hutoka, ukabaki unga mweupe. Utie tone la maji, buluu yarudi! Je, ulijiuliza kwa nini? Mimi sikujiuliza mpaka nilipofika chuo. Aliyetufungulia mlango wa jibu ni Alfred Werner.

Werner alizaliwa mwaka 1866 mjini Mulhouse, mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani. Baadaye alisoma na kufundisha Zurich, Uswisi.

Zama zake wanakemia walikuwa na fumbo. Walikuwa na chumvi tatu za kobalti, klorini na amonia: ya manjano, ya zambarau na ya kijani. Kila moja ina klorini 3. Lakini ukiziyeyusha majini na kutia nitreti ya fedha, ya manjano hutoa klorini zote 3, ya zambarau 2, ya kijani 1 tu. Zile nyengine zimejificha wapi?

Husimuliwa kwamba Werner alizindukana saa nane za usiku, karibu na wakati wetu wa daku, akaandika mpaka jioni. Mwaka 1893, akiwa na miaka 26, akatoa jibu: kobalti hukaa katikati na majirani sita, mmoja juu, mmoja chini, wanne pembeni. Klorini iliyo jirani haiachiliwi kwa urahisi, iliyo nje huenda zake majini. Hata maji huwa jirani. Buluu ya mrututu ni shaba iliyozungukwa na maji. Maji yakitoka, rangi nayo yatoka.

Basi, wakamwamini? Wapi! Jørgensen wa Denmark, bingwa wa chumvi hizo, alimpinga. Werner alidai ile ya kijani lazima iwe na pacha wa urujuani, vitu ni vile vile ila majirani wamepangwa vyengine. Pacha huyo hakuonekana kwa miaka 14. Mwaka 1907 Werner akamtengeneza, na Jørgensen akakubali. Mwaka 1913 Werner alipata Tuzo ya Nobel. Alifariki mwaka 1919, hata miaka 53 hajatimiza.

Kijana mwenzangu, jibu lilikuja kwa usiku mmoja, ushahidi ukataka miaka. Usichoke. Na ukishindwa kwa haki, kubali kama Jørgensen. Hiyo pia ni elimu.