Mchoraji Mgonjwa wa Karagwe
Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani na ninyi vijana mlioko madarasani, sisi tulikariri jina la Speke. Mwenzake, James Augustus Grant, alitajwa kama mkia tu.

Mskoti huyu alizaliwa Nairn mwaka 1827, akawa askari India, akajeruhiwa mkono Lucknow mwaka 1857. Yeye na Speke walifika Karagwe Novemba 1861, wakati Kyerwa ingali ndani yake. Kidonda cha mguu kikamlaza. Januari 1862 Speke akaenda Buganda. Grant akabaki kwa Omukama Rumanika hadi Aprili, mguu haukanyagi.

Ziwa lililo chini ya makao ya Omukama lilimkumbusha Windermere la Uingereza, wakaliita hivyo, kana kwamba halikuwa na jina! Lakini safarini alichora kwa rangi za maji, na michoro yake imehifadhiwa Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Nikiwaza mgonjwa akitazama vilima na mapori yetu asiweze kuyaendea, naona uzuri na huzuni pamoja. Alitoka Karagwe akibebwa kwa machela. Alifariki mwaka 1892.

Napendekeza chama chetu kiombe nakala, tuzitundike bwaloni.