Mkama Ndume na Elimu ya Nafsi

Ni nadra kumpata Mpemba asiyepata kulisikia jina la Mkama Ndume. Jina lenyewe ni hukumu, kwani maana yake ni mwenye kuwakama wanaume kama mchungaji amkamavyo ng'ombe wake. Masimulizi humwita pia Muhammad bin Abdulrahman, nayo humweka katika karne ya 15, kabla Wareno hawajaingia katika pwani yetu. Makao yake yalikuwa Pujini, kusini mashariki ya Chake Chake, ambako boma lake la udongo na magofu ya mawe yangaliko hata leo.

Tunakusudia kuyatazama maisha ya mtawala huyu kwa jicho la elimu ya nafsi, yaani saikolojia, ambayo huchunguza jinsi mtu anavyohisi, anavyokumbuka, anavyojifunza na anavyotenda. Wengi hudhani kwamba elimu hiyo ni ya hospitali na ya wagonjwa wa akili tu. Sivyo. Kila jambo analolitenda binadamu mwenye afya yake limo ndani ya uwanja wake, na utii wa raia kwa mtawala ni mojawapo.

Tuanze na kumbukumbu. Wazee husimulia kwamba Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wenye wivu mkubwa. Ili wasikutane, alikitenga kisima chake kwa ukuta, mmoja akawa anashuka kwa ngazi na mwingine anateka kwa ndoo na kamba. Kisima kipo, na ukuta upo. Je, wivu nao ulikuwapo? Mwaka 1932, Frederic Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge alieleza katika kitabu chake jinsi alivyowasomesha Waingereza hadithi ya Wahindi Wekundu wa Marekani, kisha akawataka waisimulie tena. Mitumbwi iligeuka mashua, na yaliyokuwa mageni kwao ama yaliachwa ama yalipewa sababu wanazozifahamu. Bartlett alionyesha kwamba kumbukumbu si sanduku la kuwekea vitu, bali ni kazi ya kujenga upya kila mara. Basi yawezekana kwamba waliokuja baadaye waliuona ukuta wa ajabu ndani ya kisima, wakautafutia sababu, wakaipata katika jambo wanalolijua majumbani mwao.

Wachimbuzi wa mambo ya kale, wakiongozwa na Adria LaViolette, walifanya kazi Pujini katika miaka ya 1980 na 1990. Walikuta chumba chini ya ardhi chenye mchoro wa siwa uliofinyangwa kwa chokaa ukutani. Siwa ni pembe ya enzi. Hilo linatuonyesha kwamba mwenye boma hakutegemea nguvu za mikono peke yake. Alijizungushia pia alama za heshima na mambo ya siri.

Lakini simulizi lililodumu kuliko yote ni lile la mawe. Inasemekana kwamba raia walilazimishwa kuyabeba mawe ya ujenzi vichwani huku wakisota kwa matako, bila ruhusa ya kusimama. Tulifikiri jambo hili kwa makini. Mtu aendaye kwa miguu hulifikisha jiwe mapema zaidi kuliko asotaye. Kama shabaha ingekuwa ukuta, amri hiyo ni ya upumbavu. Mtawala anayeamuru hivyo hajengi ukuta tu, bali anaifundisha nafsi ya raia kwamba hata kusimama kwake ni mali ya bwana. Na ikiwa kisa hiki kilitungwa baadaye, basi waliokitunga waliijua vyema siri ya udhalimu.

Kwa nini watu wengi wamtii mtu mmoja? Kuanzia mwaka 1961, Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliwaita watu wa kawaida akawaamuru wampige mwenzao kwa umeme kila akosapo jibu. Umeme haukuwa wa kweli, lakini wao hawakujua. Katika jaribio moja, watu 26 kati ya 40 walifika kiwango cha mwisho, volti 450. Kiwango kilipanda kidogo kidogo, volti 15 kila mara, na aliyekwisha kubali hatua ya kwanza aliona vigumu kuikataa ya pili. Wataalamu wamebishana sana kuhusu maana ya majaribio hayo. Hata hivyo, liko moja lisilofaa kusahauliwa: pale wenzake wawili walipokataa mbele ya macho yake, watu 4 tu kati ya 40 waliendelea hadi mwisho.

Hapo ndipo maisha ya Mkama Ndume yanapotuhusu. Boma lake lilihamwa, na enzi yake ikapita. Masimulizi hayakuyahifadhi majina ya waliosota, wala hayatuambii kama yupo aliyesimama. Sisi huwasimulia watoto ukatili wa bwana mmoja, tukawaacha wakiamini kwamba udhalimu ni tabia ya mtu mbaya tu. Elimu ya nafsi inatufundisha kwamba huhitaji pia mikono mingi iliyozoea kutii, na kwamba mazoea hayo huanza kwa jambo dogo.

Walimu wanaowapeleka wanafunzi Pujini hawana budi kuwaonyesha kisima na boma. Lakini tungependa wawaulize pia swali moja, wakiwa wamesimama palepale penye mawe: siku ile amri ilipotolewa kwa mara ya kwanza, ni nani aliyekuwa wa kwanza kuketi chini, na jirani yake alimtazama vipi?