Daktari Burkitt na Uvimbe wa Taya

Ndugu msomaji, ukitoka mji wa Embu ukashuka kuelekea Siakago na Ishiara, baridi ya Mlima Kenya inakuacha njiani, jasho linaanza, na usiku mbu wanakukaribisha. Ukipanda kwenda Meru, baridi inarudi. Mimi mtu wa pwani nikipita huko humkumbuka marehemu Denis Burkitt, kwani tofauti kama hiyo ya nchi ya juu na ya chini ndiyo iliyomfumbua macho.

Macho nasema, lakini alikuwa na moja tu. Alizaliwa Ireland mwaka 1911, na utotoni jiwe likampofusha jicho. Alipoomba kazi Afrika Magharibi alikataliwa kwa sababu hiyo. Baada ya vita akapelekwa Uganda, mwaka 1946, akawa daktari wa upasuaji, kwanza Lira kisha Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Punde akamwona mwingine kama yeye huko Jinja. Wengine wangeandika jina kwenye faili na kupita. Yeye aliuliza: watoto hawa wanatoka wapi? Mwaka 1961, na wenzake wawili, alipanda gari kuukuu, akazunguka maili 10,000 kwa wiki kumi, hospitali hadi hospitali, mpaka Afrika Kusini. Ramani yake ilionyesha saratani hii hukaa penye joto na mvua, penye malaria. Milimani ni nadra.

Mwaka huohuo alihutubia London, na Anthony Epstein akamsikiliza. Vipande vya uvimbe vikasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakaona ndani yake virusi vipya, vinavyoitwa leo Epstein-Barr.

Hapa ndipo pa kuzingatia. Virusi hivyo karibu sote tunavyo tangu utotoni, vimelala bila kutudhuru. Malaria ikimrudia mtoto mara kwa mara, kinga yake huvurugika, na kwa wachache saratani huzuka. Kisu hakikufaa kitu, lakini Burkitt alijaribu dawa, na baadhi ya watoto wakapona kabisa.

Alifariki mwaka 1993. Aliyotufundisha yanatuhusu sisi wa pwani kuliko watu wa milimani, maana mbu ni wetu. Taya la mtoto likivimba, au meno yakilegea kabla ya wakati wake, tusikimbilie kung'oa jino kisha tukangoja, wala tusiseme ni husuda. Uvimbe huu huweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Tumfikishe mtoto hospitali kubwa mapema, angali na nguvu ya kuhimili dawa. Na chandarua kisikae kabatini.