Kijana wa Ndege ya Pundamilia

Ukisimama karibu na kiwanja chetu kidogo cha ndege hapa Ifakara siku ya upepo, utaona kituko. Ndege ndogo inakuja kutua huku pua imeelekea pembeni, inatembea kama kaa wa ufukweni. Mgeni atadhani rubani kapotea njia. Kumbe upepo unampiga ubavuni, naye ameuelekea kidogo ili usimtoe nje ya njia. Sekunde za mwisho ndipo anainyoosha pua na magurudumu yanagusa chini. Akikosea hapo, ndege inayumba na bawa linaweza kugonga ardhi. Kila nikiona hivyo namkumbuka Michael Grzimek.

Michael alizaliwa Berlin tarehe 12 Aprili 1934. Baba yake, Bernhard, alikuwa daktari wa mifugo, na mwaka 1945 akawa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Kijana akakulia katikati ya wanyama, kisha akashika kamera. Mwaka 1956 alitoa filamu kuhusu wanyamapori wa Afrika wanaokosa mahali pa kuishi, ikashinda tuzo Berlin na kuingiza pesa nzuri. Baba na mwana wakataka kuzitumia pesa hizo kuongeza ardhi ya hifadhi Tanganyika. Wakuu wa hifadhi wakawashauri vingine. Serikali ya kikoloni ilikuwa inapanga kubadili mipaka ya Serengeti, na hakuna aliyejua wanyama ni wangapi wala wanahamia wapi. Basi wahesabu kwanza.

Desemba 1957 wakaruka kutoka Ujerumani na ndege ya injini moja, Dornier Do 27, iliyopakwa milia ya pundamilia. Ilikuwa ndege ya kazi kwelikweli, ilitua hata kwenye kipande kifupi cha mbuga. Ila ilikuwa na gurudumu la mkiani. Kwa ndege za namna hiyo uzito uko nyuma ya magurudumu makubwa, kwa hiyo upepo ukiipiga ubavuni wakati wa kutua, mkia unataka kuzunguka uende mbele. Na kule nyikani hapakuwa na mtu wa kukupa habari za upepo. Unasoma majani na vumbi, unaamua mwenyewe.

Mwanzoni mwa 1958 walipita juu ya Serengeti mstari kwa mstari wakihesabu. Walipata wanyama wakubwa zaidi ya 360,000, wakiwamo nyumbu karibu 99,000. Hesabu za picha za miaka michache baadaye zilitoa idadi kubwa zaidi ya nyumbu, lakini kazi ile ilikuwa imeshaonyesha jambo moja kubwa: nyumbu hawaheshimu mpaka uliochorwa mezani.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael aliruka peke yake. Safari hii haukuwa upepo. Tumbusi aligonga bawa la kulia, bawa likabonyea, nyaya za kuongozea ndege zikakwama. Ndege ikaanguka. Alikuwa na miaka 24, yaani umri wa wengi wetu tunaosoma ukurasa huu. Akazikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Baba aliimalizia filamu yao ya Serengeti, na mwaka 1960 ikapata Oscar. Bernhard alipofariki mwaka 1987, majivu yake yaliletwa yakalala kando ya mwanawe.

Wengi huishia hapo, wakafuta machozi. Mimi nadhani kuna deni limebaki. Mipaka ilibadilishwa mwaka huohuo 1959: Ngorongoro ikatengwa na Serengeti, na Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti wakahamishiwa huko. Kwa akina Grzimek, hifadhi haikuwa mahali pa watu kuishi. Wamasai wanaulizwa swali hilohilo mpaka leo.

Na sisi wa Kilombero tusijifanye watazamaji. Bonde letu, kati ya Udzungwa na Mahenge, ni ardhioevu ya Ramsar tangu 2002, linaupa mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, na ni makazi ya sheshe, swala asiyeonekana sehemu nyingi duniani. Naye amehesabiwa kwa ndege ndogo. Mwaka 2012 wafugaji na ng'ombe wao waliondolewa bondeni. Wapo wanaosema ilibidi, wapo waliopoteza kila kitu.

Michael alilipa kwa uhai wake ili uamuzi utokane na hesabu, usitokane na kubahatisha. Hilo namheshimu nalo. Ila ukiwa juu unahesabu sheshe, unahesabu ng'ombe, unahesabu hata mapaa ya nyumba. Kumjua mwenye nyumba, kafika lini na ataenda wapi, lazima utue, uingie kijijini, ukae umsikilize. Mwenzangu unayetafuta mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho, kazi hiyo bado ipo, na iko hapahapa ng'ambo ya mto.